Muulize Mzee wa Makabrasha: Wagomaji wa Zamani na Serikali ya Mkoloni

Wasomaji, safari hii barua zimekuja za jambo moja karibu zote, migomo ya enzi za mkoloni na serikali ile ilivyokuwa inaijibu, nadhani toleo lililopita niliwachokoza pale niliposema Kapenguria, ile kesi iliyomfunga Kenyatta, ilianzia bandarini. Zilizofanana nimeziunganisha, majina nimeyaacha, na wale waliotuma matusi tu Mungu awazidishie.

Shikamoo Mzee. Marehemu babu alikuwa kuli bandarini Kilindini, Mombasa, na kila akisimulia anataja "mwaka wa mgomo", sasa mimi nikisoma naona migomo tele, 1934, 1939, 1947, 1955. Babu alikuwa anasema upi? Na serikali ilifanya nini? (Msomaji, Changamwe)

Marahaba mwanangu. Kama babu aliita tu "mwaka wa mgomo" bila kuongeza neno basi mimi naweka dau kwenye 1947, maana ile mingine ilikuwa ya makuli au ya idara fulani lakini wa 1947 ulikuwa wa mji mzima.

Ila kwanza elewa kazi yenyewe ilivyokuwa, ukiruka hapa hutaelewa chochote. Kuli wa Kilindini wengi wao walikuwa wa kutwa. Meli ikifunga gati watu wanaitwa asubuhi, wanapakua magunia mpaka jioni, wanalipwa ya siku hiyo, kesho meli hamna basi na pesa hamna. Lakini chumba cha Majengo hakilipwi kwa kutwa, mwenye nyumba anataka pango lake mwisho wa mwezi meli zije zisije, unga vilevile hausubiri meli. Ukimuuliza tajiri mbona mshahara mdogo hivi jibu lake lilikuwa moja tu miaka nenda miaka rudi, huyu Mwafrika ana shamba huko kwao, mkewe analima, hapa mjini kaja kutafuta ya kodi tu. Yaani ujira ulipigiwa hesabu ya mtu mmoja kapera anayelala popote, kijungujiko, na mke na watoto wakapachikwa kwenye hesabu ya shamba ambalo wengine wala hawakuwa nalo tena.

Sasa vita vya Hitler vikaja, bidhaa zikapanda, nguo hazishikiki, mshahara unatambaa. 1939 kabla vita havijaanza walishagoma kuanzia vibarua wa idara ya ujenzi ya serikali, ikaenea hadi bandarini. Wakati wa vita wa reli nao wakagoma. Serikali kila mara ikazima moto kwa nyongeza ndogo, moto unabaki chini ya jivu.

Jumatatu ya tarehe 13 Januari 1947 ndo jivu likapeperuka. Watu kama 15,000 waliacha kazi siku moja, makuli, wa reli, wa hoteli, mpaka maboi wa nyumba za wazungu walitundika aproni wakatoka jikoni, na hiki ndicho nadhani kiliwaumiza wakubwa kuliko bandari yenyewe, bwana mkubwa kuamka asubuhi hakuna wa kumpa chai. Kila siku watu wakakusanyika uwanjani, Kiwanja cha Maskini walivyokiita wenyewe, na humohumo kikazaliwa chama kilichokuja kuitwa African Workers Federation, mbele yake kijana anaitwa Chege Kibachia. Kumbuka hicho hakikuwa chama cha makuli peke yao wala cha makarani peke yao, kilikuwa cha kila anayefanya kazi Mombasa, na hapo ndipo serikali iliposhtuka kweli kweli.

Ulidumu siku 12 hivi. Serikali ikatoa askari kulinda mji, halafu ikamtuma Eliud Mathu, ndiye Mwafrika wa kwanza kukaa kwenye Baraza la Kutunga Sheria toka 1944, aje azungumze nao, na ahadi yenyewe ilikuwa kwamba baraza la usuluhishi litasikiliza madai yao. Watu wakarudi kazini. Baraza likakaa kweli chini ya Jaji Thacker (huyu tutamrudia chini) na likatoa nyongeza za kweli, mshahara na pango la nyumba, sio maneno matupu.

Halafu mwezi wa nane mwaka uleule Kibachia akakamatwa, akapelekwa Kabarnet huko Baringo, akakaa kizuizini kama miaka 10. Umeona mtindo? Januari mgomo, katikati ya mwaka nyongeza, Agosti aliyeuongoza hayupo. Mkono mmoja unatoa senti na wa pili unamchukua mtu, na ukiwauliza wangekwambia hayo ni mambo mawili tofauti hayana uhusiano.

Mzee mbona kila mgomo wanaunda tume? Hata siku hizi naona ni vilevile. Zilisaidia au zilikuwa danganya toto? (wa Kisauni, na wengine wawili wameuliza hivohivo)

Mimi hapa nitawashangaza wengine, zilisaidia. Nimesoma sana habari za hizi tume na sio kweli kwamba wote waliokaa ndani yake walikuwa waongo. Tume ya Willan ya 1939 ilitembea Mombasa ikaona watu walivyobanana vyumbani na ikaandika hivyo, makosa ni ya nyumba na ujira, sio ya wachochezi. Kamati ya Phillips ya 1945 nayo ikachimba kwa nini mji hautulii. Serikali yenyewe ikajiandikia kwa mkono wake kwamba mlalamikaji ana haki, sasa mtu ataniambia hiyo ni danganya toto?

Tatizo liko kwingine. La kwanza hizo tume za migomo zilikuja baada ya watu kuchachamaa, sio kabla, unaweza kuandika barua za adabu miaka mitano hupati jibu, goma siku tano tume hiyo imekuja na karani na mkalimani. Wafanyakazi hawakuwa wajinga, wakajifunza somo hilo haraka sana, kwamba serikali hii ina sikio lakini liko nyuma ya kichwa lazima umzungushe kwanza. Halafu serikali inashangaa mbona Mombasa wanagoma kila baada ya miaka michache, nani aliyewafundisha kama sio nyinyi wenyewe?

La pili ni kile tume ilichoruhusiwa kuuliza. Iliuliza unalipwa ngapi, unalala wapi, unga ni bei gani. Haikuuliza nani anaamua. Ukisimama mbele ya tume ukasema sina chumba unaandikwa, ukisema sina kura wewe sasa ni mchochezi, hiyo ni siasa, kaa chini. Walitenganisha tumbo na kichwa, tumbo likapewa tume na kichwa kikapewa polisi.

Na hata dawa yenyewe ya tumbo ilikuja na kamba. Baada ya 1947 walianza kuona kwamba kibarua wa kutwa ni hatari, leo yupo kesho hayupo, humjui, hana cha kupoteza, basi tumfanye mtu wa kudumu. Sikiliza kwa makini maana wengi wanaisoma vibaya hii, wanaona ni huruma. Makuli wakaandikishwa kwenye daftari, mwenye jina ndani ana uhakika wa kazi na mshahara unapanda, lakini usipofika siku za kutosha unafutwa na ukifutwa bandari huikanyagi tena. Yule kuli wa zamani aliyekuwa akiamua wiki hii sendi, nakwenda kwetu kuvuna, akawa amekwisha. Wengine waliipenda hiyo kazi ya kudumu na mimi siwalaumu, nani hataki uhakika. Ila uhakika ulikuwa na bei.

Na ukitaka kuona mkono wa kulia na wa kushoto kwa wakati mmoja chukua mwaka 1954. Kamati ya Carpenter ilitoa ripoti kuhusu mishahara ya Waafrika, ikasema waziwazi kwamba mshahara wa chini unapigiwa hesabu ya kapera na sasa inabidi mtu alipwe cha kutosha kukaa mjini na familia yake. Ripoti nzuri sana ile. Mwaka huohuo tarehe 24 Aprili ikaanza Operesheni Anvil, msako wa Mau Mau, askari na wanajeshi kama 25,000 wakaizingira Nairobi, wakachambua watu mtaa kwa mtaa na wengi, Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapakiwa kwenye magari kwenda vizuizini. Wanakwambia leta familia yako mjini ukae vizuri, na lori liko mlangoni linakusubiri.

Salaam. Mimi ni wa Morogoro. Huku kwetu wazee wa mkonge wakisema kipande wanamaanisha kadi ya siku 30, lakini rafiki zangu wa Kenya wanasema kipande ni kitambulisho cha shingoni. Nani yuko sahihi?

Wote ndugu yangu, hamna haja ya kugombana. Neno moja vitu viwili, na kwa maoni yangu kutofautiana huko kunaonyesha serikali zile mbili zilikuwa zinaogopa nini.

Kwenu Tanganyika kwenye mashamba ya mkonge kipande kilikuwa kadi ya kazi, siku ukimaliza kazi uliyopimiwa inatiwa alama, zikitimia 30 unalipwa, na ulipewa siku kama 42 hivi kuzikamilisha. Kwa hiyo "mwezi" wa mshahara haukuwa mwezi wa kalenda bali mwezi wa alama. Siku uliyougua haipo, siku uliyokata pungufu haipo. Shida kubwa ya tajiri huko ilikuwa mtu kuondoka mapema basi pesa zinashikwa mpaka alama zitimie.

Kenya kipande kilikuwa cha serikali. Sheria ilitungwa 1915 wakaanza kuitekeleza baada ya vita, kuanzia 1919 na 1920, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na kuendelea lazima awe nacho. Ni karatasi iliyokunjwa, alama za vidole, jina, kabila, na jina la kila tajiri uliyemfanyia kazi, ulianza lini, alikulipa ngapi, umeachwa lini. Inawekwa ndani ya kikopo cha chuma chenye kamba unaning'iniza shingoni, Wakikuyu walikiita mbugi, ile kengele inayofungwa mbuzi, na hapo hamna haja nieleze walijisikiaje. Sasa mtu umeondoka kwa mzungu bila yeye kutia saini, umekwisha, huwezi kuajiriwa kwingine na polisi akikuta kipande hakijafungwa wewe ni mtoro, na utoro wa kazi lilikuwa kosa la jinai. Na mshahara wako wa zamani umeandikwa hapo hapo, kwa hiyo tajiri mpya anasoma kwanza ulikuwa unalipwa ngapi ndio anakupangia. Utapanda saa ngapi?

Malalamiko ya kipande yalichukua karibu miaka 30. 1947 ikaja sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, na wazungu walivyosikia kwamba na wao watatoa alama za vidole walikuja juu kama maji ya moto, wakasema ni udhalilishaji. Naomba niiache hapo.

Mzee wa Makabrasha, hivi ni kweli jaji aliyemfunga Mzee Kenyatta ndiye aliyesuluhisha mgomo wa Mombasa? Mwenzangu amebisha sana, tumewekeana soda. (Nakuru)

Mwambie mwenzako alete hiyo soda. Ni mtu mmoja, Ransley Thacker, na ukifuata nyayo zake unapata historia nzima ya serikali ile kwa mtu mmoja.

Mara ya kwanza ndo hiyo ya 1947, anakaa Mombasa anasikiliza makuli na makarani wa reli, anatoa nyongeza.

Mara ya pili ni 1950 na hii watu wengi hawaijui. Kulikuwa na fundi wa vyama vya wafanyakazi anaitwa Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab aliyekuja Kenya bado mtoto mwaka 1927. Huyu ndiye aliyesimamisha Labour Trade Union mwaka 1935, na 1937 akaongoza mgomo wa Nairobi wa siku 62. Serikali ikajibu mwaka huohuo kwa sheria ya vyama vya wafanyakazi, lazima chama kiandikishwe, na msajili akikataa basi hicho chama hakipo, ujanja mzuri sana ule kwa sababu huhitaji kupiga marufuku kitu, unakinyima tu muhuri. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na Fred Kubai wakaunganisha vyama kadhaa kuwa East African Trades Union Congress, Kubai rais na yeye katibu mkuu. Muhuri wakanyimwa. Serikali ilikuwa tayari imemleta Mskoti mmoja, James Patrick, mshauri wa mambo ya vyama, na somo lake lilikuwa kwamba kila kazi iwe na chama chake kidogo, wa reli peke yao, wa madereva peke yao, wajadili mishahara na tajiri wao basi. Vyama ruksa, ila visishikane mikono.

Machi 1950 Nairobi inapewa hadhi ya jiji na mtoto wa mfalme anakuja, wao wakatangaza kususia sherehe. Tarehe 23 Aprili kwenye mkutano ukumbi wa Kaloleni Makhan Singh akatoa hoja Afrika Mashariki ipewe uhuru kamili. 1950 hiyo! Wengi wa wanasiasa wakati huo bado walikuwa wanaomba viti viwili vitatu barazani. Tarehe 15 Mei yeye na Kubai wakakamatwa, kosa ni kuongoza chama kisichosajiliwa, yaani ule muhuri waliowanyima ndo ukawa kamba. Kesho yake Nairobi ikagoma zaidi ya wiki nzima, madai yao waachiwe hao wawili pamoja na Chege Kibachia, na mshahara wa chini uwe shilingi 100. Angalieni hapo wafanyakazi wa Nairobi hawajamsahau mtu wa Mombasa aliyefichwa Kabarnet miaka mitatu. Wakajibiwa kwa gesi ya machozi na magari ya deraya mitaani Pumwani na Shauri Moyo.

Na Makhan Singh akapelekwa Nyeri mbele ya jaji, nani? Thacker. Akasema pale mahakamani bila kung'ata maneno kwamba yeye ni mkomunisti na kwamba Waingereza hawana haki ya kutawala nchi hii. Akapelekwa Lokitaung huko jangwani Turkana, baadaye Maralal na Dol Dol, hakutoka mpaka Oktoba 1961, zaidi ya miaka 11.

Mara ya tatu ni Kapenguria. Thacker alishastaafu ujaji, akaletwa hasa kwa kesi ile, na imethibitika baadaye kwamba alilipwa pauni 20,000 kutoka serikalini. Aprili 1953 akawafunga Kenyatta na wenzake watano miaka saba kwa kazi ngumu. Lakini watazame hao sita, watu wakisema Kapenguria wanawaza Kenyatta na Mau Mau tu, mmoja ni Fred Kubai wa vyama vya wafanyakazi, mwingine Bildad Kaggia naye alikuwa kiongozi wa chama cha makarani. Na walipofungwa walipelekwa wapi? Lokitaung, kulekule. Hapo ndo nilisema toleo lililopita kwamba Kapenguria ilianzia bandarini na wengine mkanitumia matusi.

Dada mmoja wa Thika anauliza: ni kweli 1922 mama mmoja alivua nguo mbele ya polisi Nairobi? Na hiyo nayo ilikuwa ya mishahara?

Ni kweli dada yangu, na ndiyo, ilianzia kwenye mshahara na kodi. Baada ya vita vya kwanza bei za mazao zikaanguka, walowezi wakakubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi, kodi ya kibanda nayo ilikuwa imepandishwa mpaka shilingi 16, na ndo wakati kipande kinaanza kuning'inia. Harry Thuku, karani wa simu serikalini, akaanza kuzunguka kwenye mikutano kulaani hayo na vilevile wasichana na wanawake kuchukuliwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba kwa nguvu, na hilo la mwisho ndilo lililowaleta akina mama. Machi 14 wakamkamata. Tarehe 16 watu maelfu wamejaa nje ya kituo cha polisi, viongozi wameingia kuzungumza na wakubwa na wakatoka wakisema turudi nyumbani tutamwombea kwa sala. Hapo Mary Muthoni Nyanjiru akasimama, akanyanyua nguo yake mpaka mabegani, akawaambia wanaume chukueni gauni langu mnipe suruali zenu, mnangoja nini nyinyi na kiongozi wetu yuko humo ndani. Kwa Wakikuyu mama kufanya hivyo ni laana, sio mchezo. Watu wakasonga mbele na polisi wakafyatua, na wazungu waliokuwa kwenye veranda ya hoteli ya Norfolk nao wakafyatua. Hesabu ya serikali ya waliokufa ni watu 21, Waafrika wakasema ni zaidi ya 50. Nyanjiru alikuwa wa mwanzo kuanguka.

Thuku akasafirishwa Kismayu na akakaa mbali na kwao mpaka mwisho wa 1930. Na kodi? Ikashushwa, toka 16 hadi 12, mwaka uleule. Ndo hesabu ile ile ya 1947, miaka 25 kabla.

Mzee unapendelea wagomaji. Bandari ikisimama nchi inalala, serikali yoyote ingetuma polisi. (hakusema alipo)

Barua fupi lakini ina hoja, naijibu vizuri. Ni kweli Kilindini ikisimama sio Mombasa tu inayolala, pamba na kahawa ya Uganda inapitia hapohapo, reli nzima inakaa kimya. Lakini wewe umenisaidia bila kujua, maana hoja yako ndo inaeleza kwa nini wengine walipata tume na wengine risasi. Kuli wa Kilindini alikuwa ameshika koo, kwa hiyo akaketishwa chini na jaji. Sasa nenda Septemba ya mwaka huohuo 1947 kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands, Kiambu. Wafanyakazi wamegoma, polisi wakafyatua, watatu wakafa. Hao hawakushika koo la mtu yeyote.

Na wale waliokuwa kwenye mashamba ya walowezi, maskwota, hata kugoma hawakuweza kwa maana ya mjini, wao ng'ombe wao walipunguzwa na siku za kumfanyia kazi mzungu zikaongezwa, na waliohamishiwa Olenguruone walipokataa masharti ya serikali wakafukuzwa, nyumba zikachomwa. Kwao hakukuja jaji kuuliza bei ya unga. Tanganyika nayo, makuli wa Dar es Salaam waligoma Septemba 1947, mgomo ukapanda treni ukaenda na reli ya kati mpaka bara, na wakapata baraza lao la usuluhishi na nyongeza nzuri. Walipogoma tena 1950 na kukatokea fujo na watu wakauawa, chama chao kikavunjwa na mahakama. Mara ya kwanza karoti, mara ya pili rungu. Kwa hiyo sikatai kwamba serikali yoyote ingetuma polisi, nauliza tu ilimtumia nani polisi na ilimtumia nani jaji.

La mwisho, fupi. Neno kibarua limetoka wapi? Mwalimu wetu alisema ni tusi. (kijana wa sekondari, Malindi)

Sio tusi, mwambie mwalimu kwa adabu. Ni barua ndogo, ki-barua, ile karatasi aliyokuwa anapewa mtu wa kutwa akaonyeshe ndio apokee ujira wake. Baadaye karatasi ikawa jina la kazi na mwishowe la mtu mwenyewe. Ukikumbuka na kipande utaona ilivyo, huku mtu anaitwa karatasi, kule karatasi inaning'inizwa kwa mtu. Na ndo maana mtu akifukuzwa kazi tunasema kibarua kimeota nyasi, ingawa mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza hizo nyasi zilivyoota juu ya karatasi, anayejua aniandikie.